Pete za kurefushia lenzi: maana yake, na kwa nini zinakula mwanga

Pete ya kurefushia lenzi ni kipande cha bomba la chuma kinachofungwa kati ya kamera na lenzi yake. Ile fupi kabisa haizidi sana kimo cha kizibo cha soda, na ndefu inafika kama nusu ya kikombe cha kahawa. Upande mmoja ina hesi za kuingia kwenye kamera, upande wa pili hesi za kupokea lenzi, na katikati hakuna kitu. Kioo hamna. Ukipitisha kidole kinatokea ng'ambo. Nilipozishika mara ya kwanza nilimrudia aliyeniuzia kumwambia vioo vimedondoka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kinachouzwa hapa ni nafasi. Pete inaisogeza lenzi mbali na filamu kwa milimita kadhaa, basi. Ila milimita hizo ndizo zinazoiwezesha lenzi ya kawaida, ile ile unayopigia watu sebuleni, kumsogelea mdudu mpaka vinyweleo vya miguu yake vihesabike.

Sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Chukua kamera yenye lenzi ya kuzungusha kwa mkono, usichungulie ndani, iangalie kwa ubavuni. Izungushe kutoka alama ya mbali kabisa kuja kwenye namba za karibu. Lenzi inachomoza. Unapolenga kitu cha mbali, tuseme jahazi lililo nje huko baharini, lenzi hukaa karibu na filamu. Kitu kinapokaribia, picha yake hujikusanya nyuma zaidi ya filamu, kwa hiyo lenzi inabidi itoke mbele ili picha iangukie pale pale filamu ilipo. Kitu kikizidi kukaribia, lenzi nayo izidi kutoka. Lakini hesi za lenzi zina mwisho wake, na zikifika mwisho huwezi kusogea tena; ukilazimisha, kila kitu ni ukungu. Pete inaanzia hapo hesi zilipokwamia.

Mfano wangu utakuwa Zenit-E, kwa sababu ndiyo niliyojifunzia, na kwa sababu ni kamera isiyomfichia mtu kitu. Ilitengenezwa Krasnogorsk karibu na Moscow kuanzia 1965, na zaidi ya milioni 3 zilitoka, ndiyo maana mpaka leo hazikauki sokoni. Nyingi zina mdomo wa hesi wa milimita 42, ambao watu wa kamera huuita M42. Mdomo huo huo ulikuwa kwenye Praktica za Ujerumani Mashariki na Pentax Spotmatic ya Japani, kwa hiyo pete za moja zinaingia kwenye nyingine bila ugomvi. Lenzi inayokuja nayo mara nyingi ni Helios-44-2, ambayo urefu wake wa fokasi, yaani umbali wa lenzi kutoka filamu inapolenga kitu cha mbali kabisa, ni milimita 58. Na seti ya pete zake kwa kawaida ina tatu: ya milimita 7, ya 14 na ya 28. Unaweza kutumia moja, mbili, au zote zikibebana.

Sasa hesabu, ambayo ni nyepesi kuliko ya duka la nafaka. Gawanya kimo cha pete kwa urefu wa fokasi wa lenzi. Jibu ndilo linalokuambia picha juu ya filamu ni kubwa kiasi gani ukilinganisha na kitu chenyewe. Pete ya 28 kwa lenzi ya 58 inatoa 0.48: kitu kitachorwa kwenye filamu kwa karibu nusu ya ukubwa wake halisi. Pete zote tatu zina jumla ya milimita 49, na 49 kwa 58 ni kama 0.84. Hapo lenzi bado imerudishwa kwenye alama ya mbali. Ukiizungusha mpaka mwisho wake wa nusu mita, yenyewe inachomoza karibu milimita 9 nyingine. Jumlisha 49 na 9: unapata 58, ambayo ni urefu wa fokasi wenyewe. 58 kwa 58 ni moja: moja kwa moja. Sijui kama waliozitengeneza walikaa wakaipanga hivyo makusudi, ila napenda kuamini kwamba walikaa.

Moja kwa moja ndiyo maana hasa ya neno makro, ingawa siku hizi kila picha ya ua inabandikwa jina hilo. Maana yake ni kwamba kitu na picha yake juu ya filamu vina kimo kimoja. Hili nililiamini nilipolipima. Nilipiga karafuu moja kavu, ya urefu usiozidi sentimita mbili, imelazwa juu ya karatasi. Filamu ilipooshwa na kukauka nikaitandaza kwenye kioo cha dirisha, nikachukua karafuu ile ile na kuiweka juu ya picha yake. Kikonyo juu ya kikonyo, yale meno manne ya kichwani juu ya meno manne, na kale kajidonge ka katikati kamekaa mahali pake. Ilijifunika yenyewe. Fremu ya filamu ya milimita 35 ni 24 kwa 36, kwa hiyo karafuu ikaingia yote na nafasi ikabaki. Ingekuwa gamba la chaza lingekatika pande zote.

Kabla ya karafuu ile kukubali, hata hivyo, niliharibu filamu nzima, na kosa langu ndilo kosa la karibu kila anayeanza. Pete inakula mwanga.

Washa tochi usiku mbele ya ukuta. Ukiwa karibu, duara la mwanga ni dogo na kali. Rudi nyuma hatua mbili tatu: duara limekuwa kubwa, ila limefifia, kwa sababu mwanga ni ule ule na umetandazwa kwenye eneo pana. Lenzi ndiyo tochi, filamu ndiyo ukuta. Ukiisogeza lenzi mbali, picha inakua, na kila sehemu yake inapata mwanga haba. Ukubwa na giza vinakuja pamoja, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Kiasi cha mwanga unaohitajika kuongezwa kinapatikana hivi: chukua lile jibu la kugawanya, ongeza moja, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa pete ya 28, 0.48 inakuwa 1.48, na 1.48 mara 1.48 ni kama 2.2. Filamu inataka mwanga zaidi ya mara mbili, yaani stopu moja na chembe (kila stopu ni mwanga kuongezeka au kupungua mara mbili). Kwa moja kwa moja ni mbili mara mbili, nne, yaani stopu mbili kamili. Kama kipimo cha mwanga kilisema filamu ifunuliwe kwa 1/125 ya sekunde, wewe piga kwa 1/30.

Kamera zinazopima mwanga uliokwisha kupita ndani ya lenzi, kama Spotmatic, hazihitaji hesabu hii: pete ikipunguza mwanga, mita inauona umepungua na inakuambia. Zenit-E haiko hivyo. Mita yake ni kile kipande cha seleniamu kilichokaa kwenye paji la uso la kamera, juu ya lenzi, kinachotazama dunia kivyake. Hakina habari kabisa kwamba chini yake umefunga bomba. Mimi nikakifuata kama mtoto anavyomfuata mwalimu, picha 36, na negativu, ambazo hupata weusi pale tu mwanga ulipogusa, zikatoka nyeupe kama mfuko wa plastiki. Fundi aliyezisafisha alizinyanyua kwenye taa akaniuliza kama nilisahau kutoa kifuniko cha lenzi.

Tena Zenit-E inakubana kwa upande mwingine. Shata yake, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ina kasi kuanzia 1/500 mpaka 1/30, na chini ya hapo kuna B tu, ile inayobaki wazi muda wote unapobonyeza. Kwenye kivuli, na tundu la lenzi la kupitishia mwanga limefungwa likabaki dogo, na stopu mbili zimeliwa, unajikuta unataka 1/8, na kamera haina. Dawa yangu ni jua. Filamu ya ISO 400 (namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga) kwenye jua kali la mchana inataka takriban f/16 kwa 1/500; f ni namba ya tundu, na ikikua tundu linakuwa dogo. Toa stopu mbili, unapata 1/125, ambayo mkono tulivu unaiweza. Ukitumia B kwa sekunde kadhaa, weka stendi na waya wa kubonyezea, na ongeza muda kidogo juu ya hesabu, kwa kuwa filamu nyingi zikifunuliwa zaidi ya sekunde moja hupoteza wepesi wake wa kupokea mwanga.

Kwa nini basi nisifungue tundu la lenzi mpaka f/2, mwanga uingie tele? Kwa sababu ya kina cha ukali wa picha, yaani kile kipande cha mbele na nyuma ambacho kinaonekana wazi. Kwenye moja kwa moja na f/16, kina chote ni karibu milimita 2. Kwa f/8 ni milimita 1. Kwa f/2 ni robo ya milimita, pungufu ya unene wa kucha. Karafuu yangu ikipigwa kwa f/2 ingekuwa na jino moja kali na iliyobaki moshi. Kwa hiyo unafunga, na ukifunga unarudi kwenye tatizo la mwanga. Usifunge kupita kiasi vilevile: kwenye moja kwa moja f/16 inatenda kama f/32, na tundu dogo namna hiyo huanza kulainisha picha nzima.

Hapo ndipo Helios-44-2 inapopendeza, maana juu yake ina pete mbili za kuzungusha, za kurekebisha tundu. Moja unaiweka kwenye namba unayoitaka, tuseme f/11, na ya pili inafungua na kufunga kati ya f/2 na namba hiyo. Unalenga ikiwa wazi, uone vizuri, kisha unafunga bila kuondoa jicho. Lenzi zilizokuja baadaye zina kipini kidogo nyuma ambacho kamera inakisukuma ili tundu lijifunge lenyewe. Pete rahisi hazikifikishi kipini hicho popote, na tundu linaweza kubaki wazi bila wewe kujua. Kama lenzi ina swichi ya A (tundu lijifunge lenyewe) na M (ufunge kwa mkono), iweke M.

Kulenga kwenyewe kunabadilika tabia. Kuzungusha lenzi karibu hakusaidii, kunabadilisha ukubwa zaidi kuliko kunavyobadilisha ukali. Unachagua ukubwa kwanza, halafu unasogeza kamera nzima mbele na nyuma mpaka kitu kikae sawa. Wenye fedha wana reli ndogo za kutelezeshea kamera. Mimi naacha kamera kwenye stendi nasukuma karatasi iliyobeba karafuu, kwa ncha ya penseli. Na kumbuka kwamba pete ikiwa ndani, kitu cha mbali hakilengeki tena. Akipita rafiki akitaka picha, itabidi ufungue kila kitu kwanza.

Umbali pia unahesabika. Kwenye moja kwa moja, kutoka filamu mpaka kitu ni mara nne ya urefu wa fokasi, kama sentimita 23 kwa Helios, na sehemu kubwa ya hizo imejaa kamera, pete na lenzi yenyewe. Mbele ya kioo hubaki pungufu ya sentimita 10. Karafuu haijali. Nyuki anajali sana, na kivuli cha kamera yako kinamfikia kabla yako. Kwa wadudu nafunga pete zile zile tatu kwenye lenzi ya milimita 135: ukuzaji unashuka mpaka kama 0.36, ila nasimama mbali. Lenzi pana, ya milimita 28 kwa mfano, usihangaike nayo. Mahali pa kulenga panaweza kuangukia kwenye kioo chenyewe.

Haya yote yanadai kamera inayokuonyesha kile kile lenzi inachokiona, kupitia kioo cha ndani, kama Kine Exakta ya mwaka 1936 na wajukuu wake wote. Kamera zenye dirisha la kutazamia la pembeni zitakuonyesha kitu kingine kabisa kwa umbali huo.

Zipo njia nyingine. Vioo vya kukuza vinavyofungwa mbele ya lenzi havili mwanga, ila vile rahisi hulainisha kingo za picha. Mivukuto, ambayo ni pete ya kukunjika yenye ngozi au kitambaa cheusi, inakupa kimo chochote unachotaka, lakini kuibeba shambani ni adhabu. Nikon waliunganisha njia mbili: lenzi yao ya Micro-Nikkor ya milimita 55 inafika nusu ya ukubwa kwa hesi zake yenyewe, kisha pete ya milimita 27.5 inaongeza nusu iliyobaki. Gawanya 27.5 kwa 55 uone.

Ukienda kununua, chungulia ndani ya pete dhidi ya dirisha. Ukuta wa ndani uwe mweusi usiong'aa. Ukimeta, mwanga unagongagonga humo na picha inatoka imepauka. Zangu zilimeta, nikazipaka ndani rangi nyeusi ya ubao wa shule. Kisha zifunge zote pamoja na uzifungue hapo hapo mbele ya muuzaji, kwa sababu hesi za zamani hupenda kung'ang'aniana, na zikikataa utazihitaji glavu za mpira za kuoshea vyombo.