Udhaifu wa uzeeni: maswali ya wanaowatunza wazee nyumbani Mombasa

Mama yangu ana miaka 74. Alikuwa akikuna nazi na kukamua tui mwenyewe, lakini sasa akikaa kwenye mbuzi hainuki mpaka ashikwe mkono. Je, huu si uzee tu?

Si uzee peke yake. Tangu mwaka 2001 madaktari wengi hutumia kipimo chenye dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu usiokwisha, mkono kupungukiwa na nguvu za kushika, mwendo kuwa wa polepole, na shughuli za kila siku kupungua. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa na udhaifu wa uzeeni. Mwenye moja au mbili yuko mlangoni tu, na huyo ndiye aliye rahisi zaidi kurudishwa. Mkalishe kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, amekunja mikono kifuani, kisha ainuke na kukaa mara tano huku ukiwa karibu naye. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa, apelekwe akapimwe.

Kwa hali hiyo, si afadhali apumzike?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kwa sababu ya mapenzi. Mzee akitaka maji, mjukuu hukimbia kuyaleta. Akitaka kufua leso yake, hunyang'anywa beseni. Mwishowe hushinda kitini kuanzia chai ya asubuhi hadi Magharibi, na msuli usiotumika hunywea. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Boston, Marekani, kwa wakazi 100 wa nyumba ya wazee, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 87. Waliofanya mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu kwa wiki 10 waliongeza nguvu zaidi ya maradufu, ilhali kinywaji cha lishe bila mazoezi hakikupunguza udhaifu wao. Ikiwa mtu wa miaka 87 aliweza, sioni sababu ya kumkatia tamaa wa miaka 74.

Afanye mazoezi gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku mbili, na ya kujisawazisha angalau siku tatu. Asiyeweza kufikia kiasi hicho aanze na kidogo anachokiweza. Kutembea peke yake hakutoshi, ingawa ni kuzuri, hasa alfajiri au baada ya Alasiri jua likipungua makali, kwa mfano kwenye njia iliyo tambarare pale Mama Ngina. Nyumbani, ainuke kitini mara nane hadi kumi, anyanyue visigino akishika meza, ainue chupa za maji za nusu lita, kisha asimame mguu mmoja mbele ya mwingine huku mkono ukiwa karibu na ukuta. Zoezi likishakuwa jepesi, liongezwe uzito.

Na chakula?

Chai na mahamri matupu hayajengi misuli. Mzee anahitaji takriban gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60, zikigawanywa katika milo yote. Mbaazi za nazi, kunde, mayai, maziwa na samaki aliyechambuliwa miba vinafaa, hata kwa aliyepungukiwa na meno. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari kwanza.

Ana presha na aliwahi kuanguka. Kuna hatari?

Aonwe kwanza na daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akiwa amebeba dawa zake zote, kwa kuwa baadhi yake huleta kizunguzungu mtu anaposimama. Akipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, aache mara moja na apelekwe hospitali. Macho yapimwe, mkeka unaoteleza uondolewe, na taa ya njia ya chooni iachwe ikiwaka usiku.