Je, wajua kwa nini Wall Street wanachukua field hadi waliosoma fizikia?

Wengi tunaamini ukitaka kuingia zile benki kubwa za New York, upande wa kununua na kuuza hisa, dhamana (bondi) na sarafu, lazima uwe umesoma fedha au uhasibu. Sasa waangalie wanafunzi wanaokuja field kila kiangazi, wiki kama 10 hivi, unakuta huyu anasoma hesabu, yule fizikia, mwingine historia, na yupo ambaye chuoni anajulikana kwa kucheza lacrosse (mchezo wa mpira wa vijiti) kuliko kwa GPA yake. Inakuwaje?

Kwanza pale kuna kazi mbili. Mtu wa mauzo yuko kwenye simu na wateja kutwa nzima, mifuko ya pensheni na kadhalika, kwa hiyo mwanahistoria anayejua kuongea na watu anafiti kabisa tu. Treda ndo anaweka bei. Fikiria bureau ya kubadilisha fedha, ubaoni kuna bei ya kununua dola na bei ya kuuza, faida iko hapo katikati, ila dola ikiporomoka ghafla na droo yako imejaa dola umeumia. Treda anafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yeye anacheza na mamilioni.

Ndo maana usaili wake haung'ang'anii mambo ya debiti na krediti. Unaulizwa hivi: narusha dadu, namba itakayotoka ndo dola nitakazokulipa, utatoa ngapi ili ucheze? Wastani ni 3.5, kwa hiyo ukitoa 4 umeliwa. Haya, sasa nakuruhusu kurusha tena mara moja kama hujaipenda namba, utatoa ngapi? Ukipata 1, 2 au 3 unarudia, ukipata 4, 5 au 6 unatulia nayo, mchezo unapanda thamani hadi 4.25. Mtoto wa fizikia anakujibu hata kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Mlango wa watu wa fizikia na hesabu ulifunguka zaidi baada ya 1973, wachumi Fischer Black na Myron Scholes walipotoa fomula ya kukadiria bei ya opsheni (mkataba unaokupa haki ya kununua au kuuza kitu baadaye kwa bei mliyokubaliana leo). Black mwenyewe digrii yake ya kwanza ilikuwa fizikia, na benki ya Goldman Sachs ikaja kumchukua 1984. Halafu kompyuta zikamalizia: mwaka 2000 deski (kitengo) ya hisa ya Goldman pale New York ilikuwa na matreda 600, kufikia 2017 wamebaki wawili, kazi wameachiwa programu za kompyuta.

Kuhusu jina la chuo, tusidanganyane, Harvard, Princeton na Wharton bado zina uzito wake, maana waliosoma huko ndo wamejaa kwenye madeski na wanavutana. Mwaka 2016 Goldman waliacha kufanya usaili wa kwanza vyuoni wakahamia kwenye video, lakini kujuana hakujaisha. Ila wapo waliopenya kivyao. Lewis Ranieri alianzia chumba cha barua kwenye benki ya Salomon Brothers, chuo akiwa hajamaliza, baadaye akawa kinara wa dhamana za mikopo ya nyumba. Na Gary Cohn wa American University, aliyekuja kuwa rais wa Goldman, alijibanza kwenye teksi moja na bosi aliyekuwa anawahi uwanja wa ndege, akamwambia opsheni anazijua vizuri sana. Alikuwa hajui hata moja.