Je, wajua "nice" lilikuwa tusi?

Leo mtu akikuita "nice" unatabasamu na kushukuru. Mwingereza wa mwaka 1300 angeuliza amekukosea nini, kwa sababu enzi hizo neno hilo lilimaanisha mpumbavu.

Chimbuko lake ni Kilatini: "nescius", yaani asiyejua. "Ne" ni kukanusha, "scire" ni kujua. Kifaransa cha kale kikalifupisha likawa "nice", mtu baradhuli, likaingia Uingereza katika zile karne ambazo watawala wa huko walizungumza Kifaransa, baada ya Wanormandi kuiteka nchi mwaka 1066. Kihispania hakijabadili msimamo: hadi leo "necio" ni mjinga. Na hiyo "scire" ndiyo iliyozaa neno sayansi, kwa hiyo sayansi na "nice" ni ndugu wa tumbo moja, mmoja anajua na mwenzake hajui.

Mpumbavu aligeukaje kuwa mtu mzuri? Polepole. Mjinga hana kiasi, basi neno likabeba uasherati na mavazi ya kujishaua. Kisha likayumba upande wa pili: mwenye haya, halafu mchaguzi, yule anayegeuzageuza chakula kwenye sahani na kuona kila kidoa kwenye kitambaa. Nadhani hapa ndipo penye ufunguo wa safari nzima. Anayechagua sana huona tofauti ndogondogo, na "nice" likaanza kumaanisha dogo, jembamba, la kuhitaji makini.

Shakespeare analitumia hivyo katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, amemwadhibu Lucius Pella kwa kula rushwa za watu wa mji wa Sardis. Cassius, mshirika wake Brutus aliyekuwa ameandika barua za kumtetea Pella, anakasirika: wakati kama huu, anasema, si wa kushikia bango kila "nice offence". Msomaji wa leo angedhani anaisifu rushwa kuwa kosa tamu. (Wapo wanaoiona hivyo, lakini siyo hoja yake.) Anachosema ni kosa dogo lisilo na uzito.

Maana ya kupendeza ilishika kasi karne ya 18, na ikaenea hadi kuchosha. Katika Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anamtania Catherine kwamba kwake kila kitu ni "nice": siku, matembezi, wasichana, kitabu. Anadai zamani neno hilo lilihusu unadhifu na ustaarabu tu. Masikini Henry! Angerudi nyuma karne chache zaidi angekuta upumbavu. Wanaopigania maana ya asili ya neno mara nyingi husimama pale panapowafaa.

"Silly" lilifuata njia hiyohiyo kinyumenyume: lilianza na maana ya mwenye heri, leo ni mpuuzi. Ule mji wa Nice wa Ufaransa hauhusiki kabisa. Hutamkwa "nis", na jina lake lina asili ya Kigiriki, lenye kuhusu ushindi.

Matumizi ya sasa yana mitego yake. Chai ikiwa "nice and hot", kinachosifiwa ni joto lake. "A nice mess" ni kejeli, kama mtu anayevunja sahani ukamwambia hongera. Na ile maana ya wembamba haijafa, imehamia kwa mawakili na wanafalsafa: "a nice distinction" ni tofauti finyu inayohitaji jicho kali. Wakili wako akikuandikia kwamba kesi yenu inaibua "a nice point", usianze kusherehekea. Anamaanisha hoja ni nyeti, na jaji anaweza kuikata upande wowote.