Je, mtutu wa shotigani ukikatwa, marisau hutapakaa chumba kizima?

Taarifa za polisi zina maneno yasiyochakaa: "bunduki moja aina ya shotigani iliyokatwa mtutu na kitako." Miaka nenda rudi niliyasoma nikidhani nimeyaelewa. Mtutu mfupi, nilijiambia, unamwaga marisau, zile gololi ndogo ndogo za shotigani, kama maji ya ndoo. Jambazi anasimama mlangoni, anafyatua bila kulenga, na kila aliyemo ndani anapata fungu lake. Tena nilikuwa nawaeleza wenzangu hivyo, kwa sauti ya mtu anayejua.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa Kongwa, askari wa wanyamapori mstaafu, mwenye shotigani yake ya kibali. Hakubishana nami. Alinipeleka kwenye banda la kuku, akaninyooshea kidole mabati mawili ya paani ambayo zamani aliyafanya shabaha. Mtutu wa bunduki yake ni mnyoofu mwanzo mwisho, haujabanwa mdomoni, na kwa jambo hili hauna tofauti kubwa na uliokatwa. Bati la kwanza alilipiga akiwa hatua sita hivi: matundu yote ungeyafunika kwa kisahani cha kikombe cha chai. La pili alilipiga kwa hatua ishirini na tano, na hapo ungehitaji ungo.

Kwa makadirio ya wawindaji, marisau yakitoka kwenye mtutu wa namna hiyo hutanuka karibu sentimita 3 kwa kila mita yanayosafiri. Ni makadirio tu; aina ya risasi hubadilisha hesabu. Lakini hata ukiyaongeza mara mbili, ukubwa wa sebule zetu hauruhusu hadithi yangu. Chumba cha mita 4 kinatoa duara la sentimita 12, pengine 24. Asiyelenga anakosa, na bunduki ikatwe isikatwe.

Basi mtawanyiko unatoka wapi? Unatawaliwa na mdomo wa mtutu zaidi kuliko urefu wake. Bunduki ya namba 12 (inaitwa hivyo kwa sababu gololi 12 za madini ya risasi zinazoenea mtutu huo huwa na uzito wa ratili moja) ina tundu la milimita 18.5 hivi. Nyingi za kuwindia ndege hubanwa kidogo kwenye sentimita chache za mwisho. Mbano huo mafundi huuita choki, na ule mkali kabisa ni kama milimita 1 tu.

Milimita moja! Fikiria ng'ombe wakitolewa zizini mnada wa Msalato. Lango likiwa pana, wanatoka kwa mkupuo, mabega yanagongana, na hatua tatu baadaye kila mmoja ana njia yake. Lango likiminywa, wanatoka kwa mfululizo mrefu, wa mbele ameshaondoka kabla wa nyuma hajamsukuma, na kundi linakwenda mbali kabla halijaachana. Marisau nayo yakipita kwenye choki hunyooshwa, yakapunguza kusukumana pale yanapokutana na hewa. Mfano una kasoro yake, maana ng'ombe hapigwi mgongoni na gesi ya baruti, na marisau yaliyobonyea hupotea njia kwa sababu zake yenyewe. Ila matokeo yanapimika: kwa mita 36, choki kali huweka takribani asilimia 70 ya marisau ndani ya duara la sentimita 76, mtutu mnyoofu, kama asilimia 40. Msumeno unaondoa choki, na hiyo ndiyo tofauti. Mtutu ambao haukuwa na choki tangu mwanzo haubadiliki sana kwa kukatwa.

Nguvu je? Hapa wengine hukosea kwa upande wa pili, wakidhani imepotea yote. Umewahi kusukuma gari lililozima? Kazi yote iko mwanzoni. Likishakolea mwendo, mikono inagusa tu. Gesi ya baruti nayo husukuma kwa ukali mwanzo wa mtutu, kisha inalegea kadiri nafasi inavyoongezeka. Kila sentimita 2.5 inayokatwa hupunguza kama mita 2 au 3 kwa sekunde, kwenye mwendo wa karibu 400. Kinachoongezeka ni kishindo, mwako wa moto mdomoni na teke la bunduki iliyopungua uzito. Ile shanga ya kulengea nayo inabaki kwenye kipande kilichoanguka.

Kwa hiyo sheria zinaogopa nini? Koti. Silaha ndefu huonekana, fupi hufichika. Marekani mwaka 1934 iliweka mpaka wa urefu wa mtutu, sentimita 45.7, na kwa chini ya hapo kodi ya dola 200. Mswada wake awali uligusa hata bastola, na kuzuia bunduki fupi kulikuwa ni kuziba mwanya wa kujitengenezea bastola kwa msumeno. Bastola zikaondolewa kwenye mswada, kizibo kikabaki. Uingereza, kwa sheria ya 1968, kuufupisha mtutu chini ya sentimita 61 ni kosa. Bahari moja katikati, na mtutu wa sentimita 50 unabadilika hadhi.

Kesi maarufu ya jambo hili, ya Jack Miller, aliyeshtakiwa kwa kusafirisha shotigani iliyokatwa mtutu bila kuisajili, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Mei 1939. Hakuna wakili aliyefika kumtetea, na Miller mwenyewe alikuwa ameshauawa kwa risasi mwezi uliotangulia.

Kwetu Tanzania rula si ya kwanza kuulizwa. Kinachoanza ni kibali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kesi ya kumiliki silaha bila kibali husomwa pamoja na sheria ya uhujumu uchumi, ambako kifungo huanzia miaka 20.

Mzee wa Kongwa hajayabadilisha mabati yake. Mvua ikinyesha, upande wa kisahani anauwekea sufuria moja na yamekwisha. Upande wa ungo kuku wamehama wenyewe.