Kiwiko kinachokwama hakijateguka

Hapa Nairobi kila mtoto anayelalamikia kiwiko huambiwa kimeteguka. Kocha husema hivyo, mama husema hivyo, na mkandaji naye hukubali, kisha huanza kuvuta. Juzi nimelisikia tena neno hilo likisemwa juu ya kijana wa sarakasi wa miaka 13, ambaye hakuanguka wala kugongwa. Kiwiko kilianza tu kuuma polepole, mwishowe kikakataa kunyooka. Nikaona heri tuelezane.

Tatizo la namna hiyo mara nyingi ni lile ambalo madaktari huliita osteokondritisi disekansi. Sehemu ya mfupa iliyo chini ya gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, hukosa damu ya kutosha, hudhoofika, na inaweza kulegea pamoja na gegedu lake hadi ikang'oka. Kwenye kiwiko hutokea zaidi upande wa nje, kwenye kile kichwa cha duara kilicho mwisho wa mfupa wa mkono wa juu. Jina hilo lilitolewa na mpasuaji Mjerumani, Franz König, mwaka wa 1887, akidhani chanzo ni uvimbe wa ndani. Sivyo. Ndiyo maana dawa za kutuliza uvimbe hupunguza maumivu tu, na kijana akisikia nafuu anarudi mazoezini kuuumiza mfupa uleule.

Kuteguka ni jambo la ghafla. Mtoto wa miaka 2 anavutwa mkono akivushwa barabara, mfupa unateleza kutoka kwenye kano yake, daktari anaurudisha kwa sekunde chache na mtoto anaendelea kucheza. Huko ni kuteguka. Ila kwa kijana wetu hakuna kilichotoka mahali pake, kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Mishipa ya damu inayolisha kile kichwa cha mfupa ni michache na huingilia nyuma. Anaposimama kwa mikono kila jioni, kiwiko hubeba uzito wa mwili mzima, kazi ambayo hakikuumbiwa. Warushaji nao hukibana upande huohuo. Gegedu hubaki laini juu huku mfupa ukibomoka chini, kama kigae kizuri juu ya saruji iliyooza. Ukimkanda na kumvuta mtoto huyu unamwongezea madhara.

Linaloniudhi zaidi ni ile kauli ya "eksirei iko sawa, hana kitu." Gegedu halionekani kwenye eksirei. Hata mfupa wenyewe, picha ikipigwa mkono umenyooka, doa linaweza kufichika. Mara nyingi huonekana vizuri zaidi kiwiko kikikunjwa nyuzi 45. Na kujua kama kipande kimeshika au kimelegea, MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, ndiyo husaidia zaidi: majimaji yakionekana yamepenya kati ya kipande na mfupa, kimelegea.

Swali hilo la kushika au kulegea ndilo huamua tiba. Kikiwa kimeshika na mtoto bado anakua, kupumzisha mkono miezi 3 hadi 6 mara nyingi hutosha, mradi aache kweli kurusha na kusimama kwa mikono. Kikilegea, mpasuaji huingia kwa kamera ndogo, akakifunga au kukitoa, kisha akatoboa matundu madogo ili damu ifike. Pengo likiwa kubwa, huchukuliwa kipande cha mfupa na gegedu kutoka gotini.

Kwa hiyo, kocha wangu, mwambie kijana anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu. Mmoja ukibaki umekunjika kidogo, au akisema kiwiko hukwama na kutoa mlio ndani, mpumzishe siku hiyohiyo. Mzazi ampeleke kwa daktari wa mifupa na aeleze kwamba hakuanguka, kwamba maumivu yalianza polepole, na yako upande wa nje. Maelezo hayo yatamfaa daktari kuliko kumwambia kimeteguka.