Onyo bandia la virusi: maana yake na namna ya kulikabili

Onyo bandia la virusi ni ujumbe unaotokea ghafla kwenye skrini ya kompyuta au simu, ukidai kuwa chombo kimevamiwa, ilhali aliyeuandika hajakikagua chombo hicho wala hana njia ya kukikagua. Kusudi lake ni kumtia mtu khofu ili apige namba ya simu aliyowekewa, apakue programu fulani au atoe fedha. Hatari, basi, imo ndani ya onyo lenyewe, si katika kile linachodai kukionya.

Ukurasa wa intaneti ni kama mpita njia aliyeketi barazani kwako. Anaweza kuzungumza, kuimba, hata kupiga makelele, lakini ndani hajaingia. Akikwambia kuna nyoka chini ya kitanda chako, la kumuuliza si nyoka wa aina gani, bali yeye amemwonea wapi. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kimeundwa ili ukurasa uliofunguliwa usiweze kupekua mafaili yaliyomo kwenye kompyuta. Kwa hiyo ile mistari inayokwenda mbio ikitaja mafaili yenye virusi, pamoja na asilimia za ukaguzi zinazopanda, ni picha iliyotengenezwa zamani na huoneshwa kila anayefika hapo, mwenye kompyuta mpya na mwenye mbovu.

Jioni moja hapa Wete, Pemba, mpwa wangu alikuwa akitafuta mahali pa kutazama mpira bure kwa kutumia kompyuta yangu. Alipobonyeza alama ya kuanzisha mchezo, skrini nzima ikageuka buluu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke ikarudia kwa Kiingereza kwamba kompyuta isizimwe na kwamba simu ipigwe mara moja. Bi Mkubwa, aliyekuwa akichagua mchele ukumbini, akauliza kama pana moto. Kijana hakutishwa sana na king'ora. Kilichomtetemesha ni kuona chini ya ujumbe limeandikwa jina la kampuni ya mtandao wetu pamoja na la mji. "Mjomba, wanajua tulipo!" Nikamwambia asome tena, kwani mji ulioandikwa ulikuwa Dar es Salaam.

Jambo hilo huwababaisha wengi, nalo lina maelezo mepesi. Kila kompyuta inapofungua ukurasa hutumia anwani ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, ambayo huonesha mtoa huduma na kukisia eneo, mara nyingine kwa kukosea mbali. Kivinjari nacho hutaja aina yake na mfumo unaotumika, na kwenye simu huweza kutaja hata toleo la simu. Tovuti yoyote hupata habari hizo, ikiwemo ya gazeti unalosoma kila siku. Kutajiwa jina la simu yako, kwa hiyo, hakuthibitishi kuwa mtu ameingia ndani yake.

Onyo la kweli lina tabia tofauti. Kwenye Windows 10 na 11, programu ya ulinzi iliyokuja na mfumo hutoa taarifa fupi pembeni mwa skrini, na taarifa hiyo utaikuta tena ukiifungua programu hiyo mwenyewe. Microsoft imeeleza wazi kuwa jumbe zake za hitilafu haziwi na namba ya simu, na kwa maoni yangu alama hiyo peke yake yatosha: ukiona namba, ni utapeli.

Kulikabili ni kuufunga ukurasa bila kugusa kitufe chochote kilichomo ndani yake, hata kile cha kufungia, kwa sababu nacho kimechorwa na tapeli. Skrini ikiwa imezibwa yote, shikilia kitufe cha Esc kwa muda, au bonyeza Alt na F4 kwa pamoja. Ikigoma, bonyeza Ctrl, Alt na Delete, fungua Task Manager, yaani orodha ya programu zinazoendeshwa, kisha ukifunge kivinjari kutoka hapo. Kikifunguliwa upya kikauliza kama kirejeshe kurasa za mwanzo, kikatalie. Baada ya hapo kagua chombo kwa programu yako ya ulinzi, ili moyo utulie.

Kwenye simu mambo huwa ya ukaidi zaidi, kwani maonyo huweza kurudi kila siku hata kivinjari kikiwa kimefungwa. Mara nyingi mwenye simu aliwahi kuruhusu arifa za tovuti fulani, pengine kwa kuambiwa abonyeze ruhusa ili athibitishe kuwa yeye si roboti. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya kivinjari na kuiondolea tovuti hiyo ruhusa ya arifa. Hapana haja ya kumpelekea fundi.

Biashara hii si ndogo. Mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwashitaki waliokuwa wakiuza programu kama WinFixer kwa ukaguzi wa uongo, ikidai kuwa watu zaidi ya milioni moja walinunua, na mwaka 2012 mahakama ikaamuru kulipwa zaidi ya dola milioni 163.

Aliyekwisha kupiga simu na kumruhusu mgeni aiendeshe kompyuta kwa mbali akate intaneti kwanza, aiondoe programu aliyowekewa, kisha abadilishe nywila zake kwa kutumia chombo kingine. Kama ametoa fedha au namba ya siri, aiarifu benki au kampuni ya simu papo hapo, ahifadhi picha za skrini na kwenda polisi, kwani Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar pia. Namba ya simu ya hapa nchini iliyotumiwa kutapeli huripotiwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kupitia 15040. Na baada ya wiki au miezi, mtu akimpigia akijitolea kumrejeshea fedha zake iwapo atalipa ada kidogo au kuifungua tena kompyuta, akate simu: majina ya waliokwisha kulipa huuzwa, na huyo amekuja kuvuna mara ya pili.