Look Both Ways ya Wanuri Kahiu: tunayoyasema Kisumu na yaliyomo ndani yake

Tulipomaliza kuitazama Look Both Ways nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Kondele, sebule ilikuwa imegawanyika pande mbili kabla hata majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Mabishano hayohayo nimeyasikia saluni na kwenye matatu za Maseno tangu sinema hiyo itoke Netflix Agosti 2022. Mengi yanayosemwa si kweli, na mimi sinema hii naipenda, kwa hiyo siwezi kunyamaza.

Dhana inayoniuma zaidi: "Inamhukumu msichana aliyepata mimba chuoni." Wengine wanageuza: "Inamsifia, inaharibu wasichana wetu." Haifanyi lolote kati ya hayo. Natalie, anayeigizwa na Lili Reinhart, anapima mimba bafuni wakati wa kumaliza chuo, na hapo maisha yake yanakatika vipande viwili. Katika kimoja ana mimba. Anarudi kwa wazazi wake Austin, Texas, anamlea binti yake Rosie, na baba wa mtoto ni Gabe, rafiki yake mpiga ngoma. Katika kingine hana mimba, naye anahamia Los Angeles kutafuta kazi ya kuchora katuni za sinema. Tunayafuata maisha yote mawili kwa pamoja, huku na kule, kwa miaka mitano.

Anayedhani yule wa Los Angeles ndiye aliyebahatika amtazame anapoambiwa na bosi wake, Lucy, ambaye ni Nia Long, kwamba michoro yake haina sauti yake mwenyewe. Ameacha kila kitu akaenda kuchora, na kuchora kwenyewe kunamgomea. Yule wa Austin naye ameweka kalamu chini muda mrefu. Anaishika tena usiku, wakati ambao mzazi wa mtoto mchanga hana namna ya kulala, na kutoka kwenye usiku huo anazaliwa mhusika wake wa katuni, bundi. Kila mmoja analia kwa wakati wake na kila mmoja anapenda kwa wakati wake. Sioni wapi sinema imempa mmoja alama zaidi ya mwenzake.

"Ni sinema ya Kenya." Hapana, ni ya Marekani. Mkenya ni mwongozaji, Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi. Hata hadithi si yeye aliyeiandika, ingawa watu wengi humpa sifa hiyo. Aliyeiandika ni April Prosser. Kazi ya Wanuri ilikuwa kutuonyesha, na kwa hadithi kama hii si kazi ndogo: msichana ni yuleyule, sura ni ileile, na mtazamaji anatakiwa ajue papo hapo yuko kwenye maisha yapi. Sebuleni kwetu kulikuwa na mtoto wa darasa la sita ambaye hakupotea hata mara moja.

Kuna wanaosema Wanuri alikimbilia mapenzi mepesi baada ya sinema yake Rafiki kupigwa marufuku nchini mwaka 2018, mwaka uleule ilipokuwa sinema ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa kwenye tamasha la sinema la Cannes. Mahakama Kuu iliifungulia siku 7 tu. Lakini Rafiki yenyewe ilikuwa hadithi ya mapenzi, imejaa rangi zinazong'aa. Na kabla ya hapo alikuwa ameshafanya From a Whisper, kuhusu shambulio la bomu la Nairobi la 1998, na Pumzi, inayotazama dunia ya kesho isiyo na maji. Siku nyingi amekuwa akitetea sanaa ya Kiafrika yenye haki ya kufurahi, na akaipa jina: Afrobubblegum. Nakubaliana naye kabisa. Kwa nini msanii wetu aruhusiwe kusimulia vita na njaa tu?

Jambo moja dogo. Niliwahi kuwekewa kwenye flashi sinema nyingine yenye jina hilohilo. Ile ni ya Australia, ya 2005, imeandikwa na kuongozwa na Sarah Watt, ambaye mumewe William McInnes ni mmoja wa waigizaji wakuu. Nayo ni ya mapenzi, kicheko na machozi, na mwanamke wake pia ni mchoraji. Hofu zake zinajitokeza kwa picha za kuchorwa. Hazina undugu, ila ukiipata usiifute.

Binamu yangu alirudi nyumbani na mimba akiwa mwaka wa 3 chuoni. Jioni ile ya Kondele ni yeye peke yake ambaye hakubishana. Mwishoni, Natalie wote wawili wanarudi kwenye bafu lilelile, kila mmoja katika maisha yake, wanajitazama kwenye kioo na kujiambia kwamba wako sawa. Binamu alikuwa amempakata mwanawe aliyelala. "Dada," akasema, "hebu rudisha hapo nyuma kidogo."